Ndiyo Nyingi za Nyokabi

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa chai na kuosha vikombe, Nyokabi alisimama jikoni na kusoma kwa sauti. Karatasi aliyoshika ilikuwa na matangazo ya ibada ya kesho yake. Mama yake, Milcah, alikuwa mezani akikanda unga, kwa kuwa kila Jumapili alipeleka chapati arobaini kwenye ushirika wa kanisa. Baba yake, Njuguna, asipokuwa zamu ya kuendesha basi, alikaa karibu na dirisha na gazeti lake, akijifanya anasoma huku akimsikiliza binti yake.

“Akina mama wanaombwa kubaki baada ya ibada, ili wapange safari ya kumtembelea mgonjwa wetu,” alisoma Nyokabi. Alipofika kwenye neno la mwisho alishusha sauti kidogo, akatulia, kisha akaendelea.

“Hapo umetulia vizuri,” alisema Njuguna. “Mimi simjui huyo mgonjwa, lakini nimeshamhurumia.”

Milcah alicheka. Alinyunyiza unga mezani, akauliza bila kuinua macho, “Unaelewa lakini unachosoma?”

“Ja, mamma,” alijibu Nyokabi kwa Kiswidi, yaani “ndiyo, mama”, kama alivyojibu siku zote.

Hakuwa ameelewa. Katika sentensi ile alijua neno “mama” na neno “safari”. Hayo mengine yalikuwa sauti tu.

Nyokabi alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa Stockholm, akakulia katika mtaa wa Tensta, na sasa alikuwa darasa la sita. Nyumbani wazazi wake walizungumza Kikikuyu wao kwa wao. Na yeye walimsemesha kwa Kiswidi na Kiingereza, na pale walipotaka alale mapema, kwa lugha zote tatu. Kiswahili kilikuwa lugha ya Jumapili, walipokutana na watu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo.

Alipokuwa na miaka minane, msomaji wa matangazo alikosekana. Mzee mmoja wa ushirika alimpa Nyokabi karatasi kwa utani. Kiswahili husomwa jinsi kilivyoandikwa, na Nyokabi alikuwa hodari wa kusoma. Alisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Watu walipiga makofi, na bibi mmoja alifuta machozi. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake.

Aliifanya kwa utaratibu. Alitazama nyuso za watu anaposoma, na mahali walipotikisa vichwa alikumbuka kuweka nukta ya penseli. Mahali walipocheka aliweka mbili, ili akikutana tena na maneno hayo ajue pa kutulia na pa kutabasamu. Mara ya kwanza ulikuwa mchezo. Mara ya ishirini, tayari alikuwa anajulikana kwa jambo hilo. Alitaka kusema ukweli, lakini kila Jumapili iliyopita iliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kuubeba.

Jumapili hiyo ya Februari walipanda treni ya chini ya ardhi hadi Sundbyberg, Njuguna akiwa amepakata sufuria ya chapati iliyofungwa kwa taulo. Katika ukumbi wa kukodi, Nyokabi alisoma kama kawaida. Alipomaliza, Mzee Bethuel alisimama. Alikuwa fundi wa lifti aliyestaafu, mtu wa mzaha mwingi, na ndiye aliyempa karatasi ile ya kwanza.

“Mmesikia?” alisema. “Na amezaliwa hapa hapa! Ninyi wengine mkimwambia mtoto ‘njoo ule’, anawajibu Kiswidi. Tiana, mjukuu wangu, umemsikia dada yako? Jifunze kwake.”

Tiana, msichana wa miaka kumi aliyekaa mstari wa mbele, alitazama viatu vyake.

Kisha mwanamke Mtanzania alisimama, akimshika mkono msichana mrefu mwenye koti jipya. Mama huyo alikuwa akifanya usafi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, na kwa miaka mitatu alikuwa akihangaikia vibali vya kumleta mwanawe. “Huyu ni Gladness wangu,” alisema. “Amefika kutoka Musoma. Jumatano ataanza shule, darasa moja na Nyokabi. Namshukuru Mungu. Nyokabi atakuwa sikio lake na mdomo wake.”

Watu walipiga makofi tena. Nyokabi alitabasamu, akaikunja karatasi yake ya matangazo mara nne.

Baada ya ibada, Gladness alimjia moja kwa moja. Njiani alikuwa ameshawaamkia “shikamoo” watu kumi na saba, akiwemo kijana wa miaka kumi na sita aliyeshtuka hadi akamwaga chai.

“Mambo, Nyokabi!”

“Poa,” alisema Nyokabi. Hilo alilijua.

“Afadhali wewe! Nilikuwa naogopa sana. Nilisema, nitakaa darasani kama kiti, sielewi mtu, hakuna anayenielewa. Mama aliponiambia kuna msichana anaongea Kiswahili kama redio, nilipata usingizi.”

Gladness alicheka, na Nyokabi akacheka naye. “Kweli?” alisema Nyokabi.

“Kweli kabisa!” alisema Gladness, akamkumbatia.

Jumatano Gladness alianza shule. Mkalimani wa shule alikuja Jumanne tu, kwa saa moja, kwa hiyo hadi Jumanne iliyofuata hapakuwa na mwingine isipokuwa Nyokabi. Nyokabi aligundua kwamba maneno manne yangeweza kumvusha: ndiyo, sawa, poa na kweli. Alichagua moja kwa kutazama uso wa Gladness.

Mlangoni, wanafunzi walikuwa wakivua viatu na kuviacha kwenye rafu. Gladness aliwatazama.

“Wanavua wote?”

“Ndiyo.”

“Nikiviacha hapa vitaibiwa?”

“Ndiyo,” alisema Nyokabi kwa upole.

Gladness akavikumbatia viatu vyake vya theluji, akatembea navyo kutwa nzima. Aliingia navyo kwenye somo la hisabati. Alipanga navyo foleni ya chakula, sahani mkono mmoja, viatu kwapani.

“Kwa nini anabeba viatu?” aliuliza Liam. Liam alikuwa mwanafunzi mwenzao, mwana wa wazazi wa Uganda, na hakuna jambo lililompita bila yeye kuuliza. Kiswahili hakukijua, ndiyo maana alimwita Nyokabi “profesa”.

“Ndivyo wanavyofanya kwao,” alisema Nyokabi.

Mara tu alipolisema, alijiona vibaya. Hakujua chochote kuhusu kwao.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Gladness alisema polepole, akichezea zipu ya koti lake. “Bibi yangu anaumwa miguu. Mimi ndiye niliyekuwa namtekea maji. Sasa sijui nani anamsaidia. Jana nililia, lakini sikutaka mama anione.”

Nyokabi alimtazama. Gladness hakuwa akicheka wala hakuwa akiuliza swali. “Poa,” alisema Nyokabi.

Gladness alimkazia macho. Baadaye akasema, “Labda wewe si mtu wa maneno mengi.”

Mchana huohuo waliitwa na Filip, mwalimu wao wa michezo, aliyekuwa pia mlezi wa darasa lao. Wanafunzi wa pale huwaita walimu kwa majina yao ya kwanza, lakini Gladness kila alipomwona alisimama wima na kusema, “Shikamoo, Mwalimu.” Filip alikuwa ameshajifunza kujibu “marahaba”, tena kwa fahari.

“Kesho tunakwenda bwawani,” Filip alimwambia Nyokabi kwa Kiswidi. “Darasa la sita wanapimwa kuogelea. Muulize Gladness kama anajua.”

Nyokabi hakulijua neno la kuogelea. “Gladness,” alisema, “kesho… maji,” akapiga mikono hewani kama mtu anayeogelea.

Gladness alishika mdomo, akaanza kucheka kwa aibu. “Kuogelea? Mimi? Mwambie Mwalimu kwetu ziwa lipo, ndiyo, ziwa kubwa mno, lakini bibi alitukataza kuingia kwa sababu ya mamba. Samaki tulinunua kwa wavuvi. Mimi maji yakinifika magotini nimeshapiga kelele! Mwambie tafadhali asiniweke ndani.”

Katika maneno yote yale, Nyokabi alidaka matatu: ziwa, ndiyo, samaki. Tena Gladness alikuwa anacheka.

“Anasema kwao kuna ziwa kubwa,” alimwambia Filip. Hilo lilikuwa kweli.

“Vizuri! Kwa hiyo anajua kuogelea?”

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema “sina hakika”. Lakini Liam alikuwa amesimama karibu, ameinamisha kichwa kusikiliza.

“Ndiyo,” alisema Nyokabi.

Filip aliinua kidole gumba. Gladness alikiona kidole hicho, akashusha pumzi. Alifikiri ujumbe umefika.

Siku ya Ijumaa bwawa lilikuwa na joto na harufu kali ya dawa ya maji. Sauti ziligonga kuta na kurudi. Filip alisoma majina na kuwagawa wanafunzi. Wasiojua kuogelea walikwenda kwenye bwawa dogo, ambako maji yalifika kiunoni. Wanaojua walijipanga kwenye ukingo wa bwawa kubwa, upande wenye kina. Gladness aliwekwa katika mstari wa wanaojua, watu wawili kutoka kwa Nyokabi.

Alikwenda bila kubisha. Shuleni kwao mwanafunzi hakumbishia mwalimu, na zaidi ya hapo, Nyokabi alikuwa amemwambia Mwalimu kila kitu. Bila shaka wangesimama tu pale na kutazama.

“Nikipuliza kipenga,” alisema Filip, “mnaruka wote, mnaogelea hadi ng’ambo.”

Gladness aliona wenzake wakikunja magoti. Aligeuka. “Nyokabi, umemwambia lakini? Umemwambia sijui?”

Nyokabi alisikia jina lake. Mengine hayakumwingia. Lakini safari hii hakuhitaji maneno. Aliona vidole vya miguu vya Gladness vimekunjwa kwenye ukingo, vimeng’ang’ania kigae kama vidole vya mkono. Hakuwa akimtazama Filip wala maji. Alikuwa akimtazama Nyokabi, akingoja tena neno lake.

Filip alipeleka kipenga mdomoni.

Katika muda huo mfupi Nyokabi alimwona akilini Mzee Bethuel akisimama, akawaona watu wakipiga makofi, akauona uso wa mama yake uking’aa juu ya unga. Kisha akaviona tena vile vidole.

“Simama!” alipiga kelele. “Filip, usipulize! Sijui alichosema jana!”

Darasa zima likageuka. “Vipi hujui?” aliuliza Filip.

“Sijui Kiswahili. Najua kukisoma tu. Sielewi. Nilikisia.”

“Acha utani,” alisema Liam. “Wewe si ndiye profesa?”

“Mimi si profesa,” alisema Nyokabi. “Sijui chochote.”

Filip alishusha kipenga. Alikwenda kwa Gladness, akapiga goti mbele yake, akamwuliza kwa Kiingereza chepesi, “You swim?”

“No,” alisema Gladness haraka. “No swim, Mwalimu. No!”

Maneno machache tu, na kila kitu kikajulikana. Filip alimshika mkono, akamwondoa kwenye ukingo, akampa taulo. Kisha akawaambia wanafunzi wote, “Kosa la kwanza ni langu. Mtu mgeni sikupaswa kumpeleka kwenye kina bila kumpima kwanza. Nyokabi, asante kwa kusema kabla, si baada.”

Nyokabi alimfuata Gladness kwenye benchi. Alitafuta maneno, akayapata machache. “Mimi… naomba… sielewi. Nasoma tu. Sielewi.”

Gladness alimtazama kwa muda mrefu. “Tangu Jumapili?”

Nyokabi hakuelewa swali, akabaki amesimama. Na Gladness, alipoona kwamba hata hilo hakulielewa, alifahamu yote. Alijifunika taulo mpaka kichwani, akageukia ukuta.

Jioni hiyo Nyokabi hakungoja kuulizwa. Mara tu mama yake alipovua koti la kazini, alimsimulia yote: nukta za penseli, viatu, ziwa, kipenga. Njuguna aliyekuwa akimenya viazi aliacha kisu.

Milcah alikaa chini taratibu. “Na mimi miaka minne natembea kifua mbele,” alisema. “Watu wananiuliza, Mama Nyokabi, umemfundishaje? Nami natoa mawaidha!”

“Tuseme ana mafua Jumapili hii,” alipendekeza Njuguna. “Watazoea kidogo kidogo.”

“Baba Nyokabi, mafua ya miaka minne?” Milcah alitikisa kichwa, na Njuguna akarudi kwenye viazi vyake. Milcah alimvuta binti yake karibu.

“Nikuambie jambo sijawahi kumwambia mtu,” alisema. “Mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla sijawa muuguzi, nilikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee. Kiswidi changu kilikuwa kidogo, nami niliogopa kufukuzwa. Kila nilichoambiwa nilijibu ‘ja, ja’. Asubuhi moja niliambiwa bibi fulani asile kitu mpaka apimwe damu. Nikasema ‘ja, ja’, nikampelekea uji na mkate. Kipimo kikaahirishwa. Kesho yake yule bibi, mwenye miaka tisini, akashinda na njaa mpaka saa tano kwa ajili yangu.”

“Wakakufukuza?”

“Hapana. Mkuu wa zamu aliniambia, ‘Milcah, tangu leo nikikwambia jambo, wewe unirudishie kwa maneno yako. Ukishindwa kunirudishia, nitajua nimekwambia vibaya.’ Hakusema mimi ndiye mbaya. Mpaka leo wauguzi wapya nawafanyia hivyo hivyo.” Alimfuta Nyokabi shavu. “Hukumtakia mwenzio mabaya. Ulitaka tu kupendwa. Lakini umeona wapi panafika. Sasa Jumapili utafanya nini?”

Nyokabi alifikiri. “Nitasema mwenyewe,” alisema. “Lakini unisaidie maneno. Na kila neno uniambie maana yake.”

Walikaa mezani saa nzima. Maneno yalikuwa machache, lakini yote aliyajua.

Jumapili alisimama mbele na karatasi yake. Gladness alikuwa mstari wa tatu kando ya mama yake, mikono ameikunja kifuani. Nyokabi hakuanza na matangazo.

“Naomba kusema,” alisema. Sauti yake, iliyozoea kutiririka, sasa ilitembea kama mtu anayepita kwenye barafu. “Mimi najua kusoma. Kuelewa, bado. Nilisema ndiyo nyingi. Ndiyo zangu hazikuwa kweli. Gladness alipata hatari. Gladness, nisamehe. Ninyi wote, nisameheni.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Bethuel aliinuka, akavua miwani.

“Miaka minne!” alisema. “Miaka minne nimewagombeza wazazi wa watu kwa ajili yako, Nyokabi!”

Watu hawakujua kama amekasirika. Mzee alifuta miwani kwa shati lake, akaivaa tena.

“Mimi ni fundi wa lifti,” aliendelea kwa sauti ya chini. “Lifti ikipanda vizuri, sikuridhika, nilifungua mlango nikatazama ndani. Lakini mtoto huyu nilisifu tu anavyopanda. Hata siku moja sikumuuliza, ‘Mjukuu wangu, umeelewa?’ Basi na mimi nisameheni.”

Hapo mkono mdogo uliinuka mstari wa mbele. Alikuwa Tiana, ambaye mtu wa kando alikuwa akimtafsiria. “Hata mimi sielewi,” alisema kwa Kiswidi. “Nilidhani ni mimi peke yangu. Kila siku naambiwa niwe kama Nyokabi.”

Mvulana aitwaye Adam akainua wake. Mwingine akafuata. Wazazi walianza kutazamana, wengine wakicheka kwa haya.

Paskali, Mkongo aliyekuwa mwalimu huko Bukavu kabla ya kuhamia Sweden, alisimama. “Mimi nitakaa na watoto nusu saa kabla ya ibada, kila Jumapili. Tutaanza na mambo ya jikoni.”

“Bila Kifaransa!” alisema Mzee Bethuel.

“Bon,” alisema Paskali. “Bila Kifaransa.”

Ukumbi ukacheka. Mzee Bethuel alimgeukia Nyokabi, akisema naye kwa Kiswidi. “Na wewe, soma. Lakini ukifika mahali usipoelewa, simama uulize. Tutangoja.”

Matangazo yalichukua muda mrefu kuliko siku zote. Nyokabi alisimama mara nane. Mara ya sita aliuliza maana ya “juma lililopita”, na alipoelezwa, aliuliza kwa nini basi watu wanaalikwa kwenye mkutano ambao umeshapita. Mzee Bethuel, aliyeiandika karatasi, aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akaikata sentensi hiyo kwa kalamu huku watu wakimzomea kwa furaha.

Wakati wa chakula Nyokabi alikaa peke yake. Baada ya muda sahani iliwekwa kando ya yake. Gladness aliketi.

“Nilikuambia bibi yangu anaumwa,” alisema, “wewe ukasema poa.”

Nyokabi alihisi “ndiyo” imekaa tayari ulimini, imezoea njia. Aliimeza. “Sijaelewa,” alisema. “Sema polepole.”

Gladness alimtazama kama anayempima. Kisha akasema neno moja moja. Bibi: akainama kama mtu mwenye mkongojo. Anaumwa: akashika miguu. Maji: akainua ndoo isiyoonekana hadi kichwani, akajionyesha kidole. Akaacha mikono ishuke. Sasa, hakuna.

Nyokabi alielewa. Alikumbuka siku ile kwenye mapumziko, na zipu ya lile koti, na uso wake ukawaka.

“Pole,” alisema.

“Ehee,” alisema Gladness, midomo ikianza kutabasamu. “Hilo ndilo lenyewe.” Akakata chapati yake vipande viwili, akampa kimoja. Kisha akauliza kuhusu viatu, kwa mikono na kwa maneno, na Nyokabi alipomwonyesha kwamba hakuna mwizi, Gladness alicheka mpaka mama yake akageuka.

Ijumaa iliyofuata Gladness aliingia bwawa dogo pamoja na Filip na watoto wengine watano. Alipiga kelele maji yalipofika magotini, kama alivyoahidi. Yalipofika kiunoni alinyamaza. Mwisho wa kipindi aliweza kuweka uso ndani ya maji na kuhesabu hadi nne.

Filip alimwita Nyokabi. “Mwambie wiki ijayo alete taulo lake mwenyewe. Na mama yake atie saini fomu ya ruhusa, kwa sababu ya bima.”

Nyokabi alifikiri. “La taulo naweza kumwambia,” alisema. “Ruhusa na bima siyajui. Mpigie mkalimani.”

“Profesa amestaafu?” alitania Liam aliyekuwa akipita.

“Amerudi darasa la kwanza,” alijibu Nyokabi. Liam alicheka, akakimbilia nje.

Nje theluji nyembamba ilikuwa ikianguka. Milcah, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa akiwangojea na chupa ya chai ya maziwa. Walisimama kituoni watatu wakingoja basi, wasichana nywele zao zikiwa na maji chini ya kofia. Nyokabi alimwambia mama yake jinsi alivyomjibu Filip.

Milcah alimimina chai. Alizungumza Kiswahili, polepole, ili wote wawili wamsikie.

“Mtu akikupenda kwa kitu usichokuwa nacho,” alisema, “unabaki na kazi ya kuficha kila siku kwamba huna, na kazi hiyo haina likizo. Akikupenda jinsi ulivyo, unapumzika, na nguvu ulizokuwa ukifichia unazitumia kujifunza. Usione haya kusema hujui. Kinachodhuru ni kujifanya unajua, kwa sababu aliyejifanya anajua hakuna anayemfundisha, na mwenzake akimtegemea, wanaanguka wote wawili.”

Wasichana walikunywa chai. Nyokabi aliomba sentensi moja irudiwe, ikarudiwa. Basi lilitokea kwenye kona.

“Mama Nyokabi,” aliuliza Gladness, “na wewe Kiswidi unakijua chote?”

“Nusu,” alisema Milcah. “Siku nikiwa sijachoka, nusu na robo.”

“Na kilichobaki?”

“Nauliza,” alisema Milcah, akawatanguliza kupanda.